Njia ya Mjini–Katuba: namna umbali ulivyopangwa, na nani anaulipia mpaka leo

Kwa mkaaji wa Lubumbashi, njia ya basi inayotoka Katuba, kupitia Kenya na Kamalondo, mpaka katikati ya mji, ni jambo la kila siku. Wanaipanda mafundi wa kujenga, walimu, mama wauzaji, wanafunzi na wagonjwa wanaokwenda hospitali. Ni kilometa chache tu. Lakini kuna familia zilizofika hapa miaka hii zikikimbia vita, na nyingi zimepata chumba cha kupanga pembeni kabisa mwa mji, pale ambapo kodi ni ndogo. Wao, wakihesabu makuta ya basi ya juma moja, wanauliza swali ambalo wenyeji wameacha kuliuliza: kwa nini nyumba za watu ziko mbali hivi na mahali pa kazi na pa biashara?

Shofere hawezi kujibu. Jibu liko katika historia ya mji wenyewe. Umbali kati ya Mjini na Katuba haukutokea kwa bahati. Uliamriwa na watu, kwa sababu walizozijua, na kila mara mji huu ulipopokea wageni au ulipofukuza majirani, njia hii ilibadilika pamoja nao.

Mji uliozaliwa na reli

Mwaka 1910, mwezi wa Septemba, reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilifika mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wanapima viwanja vya mji mpya. Mji huo waliuita Elisabethville, kwa jina la malkia wao. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji njanja hiyo kwa kuingiza mashine na kutoa shaba. Mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi kilianza kazi. Mashimo ya kwanza yalikuwa Kalukuluku, mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile.

Kazi ilikuwa nyingi, watu walikuwa wachache. Kampuni ikatafuta mikono mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Lomami na Kasai, na tangu mwaka 1925 Rwanda na Burundi pia. Mwaka 1928 reli ya BCK ilifungua njia mpaka Port-Francqui, Ilebo ya leo, na tangu hapo mtu wa Kasai aliweza kupanda treni kwao na kushuka Elisabethville. Wote hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili cha Katanga, kile kinachosikika leo ndani ya kila basi, kilikua katika kambi za kazi, sokoni na barabarani, katikati ya watu ambao karibu wote walitoka mahali pengine.

Hili ni jambo la kukumbuka mbele ya kuendelea. Katika mji huu, swali la kujua nani ni mgeni na nani ni mwenyeji limekuwa gumu tangu siku ya kwanza.

Ukanda ambao hakuna aliyeruhusiwa kujenga

Hapo mwanzo, makao ya Waafrika yalikuwa karibu sana na nyumba za Wazungu. Katika miaka ya 1920 serkali ya koloni iliamua kuyaondoa. Watu wakahamishwa kusini, kwenye mtaa mpya ulioitwa Cité Albert. Ndiyo Kamalondo ya leo.

Katikati ya mji wa Wazungu na Cité Albert uliachwa ukanda mtupu wa mita mia kadhaa. Kwa Kifaransa waliuita «zone neutre». Madaktari wa wakati ule walieleza kwamba mbu anayebeba malaria haruki mbali, basi nafasi hiyo ingewalinda Wazungu. Lakini mbu hakuwa sababu peke yake. Ukanda ulirahisisha pia kulinda na kuhesabu watu: ni nani ameingia mjini, na ni nani bado hajatoka. Usiku, baada ya saa tatu, Mwafrika aliyeonekana katika mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa alikamatwa.

Lubumbashi haikuwa peke yake. Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, ilikuwa na ukanda wake pia, na humo waliweka uwanja wa gofu na bustani ya wanyama. Dar es Salaam, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati ya Kariakoo na mitaa ya biashara kwa fikra ileile. Miji mingi ya Afrika ilichorwa hivyo: kazi upande mmoja, usingizi upande mwingine, na nafasi tupu katikati. Leo majengo, ofisi na barabara zimejaza ukanda wa Lubumbashi, na kijana wa leo anaweza kuupita bila kujua kwamba babu yake alikuwa anauvuka mbio, mbele ya saa tatu kupiga.

Nani alitembea, nani hakutembea

Si kila mfanyakazi aliyeuvuka. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwapa wafanyakazi wake nyumba pamoja na wake na watoto, katika kambi zilizokuwa karibu na kiwanda. Watu wa reli nao walikuwa na kambi yao. Hao walikwenda kazini kwa mwendo mfupi. Maboyi wengine walilala katika vyumba vidogo nyuma ya nyumba ya bwana.

Waliobaki ndio waliotembea: makarani, waashi, maseremala, washonaji, wauzaji, wapishi waliokuwa na familia. Makao yao yalikuwa Cité Albert na, tangu mwisho wa miaka ya 1920, Kenya, mtaa uliofunguliwa mbele zaidi. Wengi walikwenda kwa miguu. Aliyeweka makuta kidogo kidogo alinunua kinga. Katika miaka ya 1940 na 1950 kinga ilikuwa mali ya kweli katika mji huu. Mwenye kinga alipata saa moja zaidi ya usingizi asubuhi, na jioni alimbeba mtoto au gunia nyuma yake.

Halafu ikaja Katuba. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia, shaba iliuzwa vizuri na watu wakaongezeka haraka. Kamalondo na Kenya zilijaa. Miaka ya 1950 serkali ikapima viwanja vya Katuba, kusini-magharibi, na vya Ruashi upande mwingine wa mji. Nyumba nyingi za wakati ule zilijengwa kwa mkopo, za matofali, zenye mpango mmoja, na wazee wengi wa Katuba bado wanaishi katika nyumba ambayo baba yao aliilipia mwezi kwa mwezi.

Ila Katuba ilikuwa mbali kwa miguu. Mtu aliyeanza kazi saa moja kasoro alipaswa kutoka kwake gizani. Hapo basi likawa jambo la lazima. Jambo hilo lilionekana katika koloni yote: Léopoldville iliweka mwaka 1955 mabasi ya ajabu yaliyoitwa jirobasi, yaliyotembea kwa nguvu ya gurudumu kubwa lililozungushwa na umeme kwenye vituo. Yalidumu miaka minne tu. Mtambo ulikuwa mgumu kwa barabara zile, lakini haja iliyouleta ilikuwa ya kweli: mji uliowaweka wafanyakazi mbali ulipaswa sasa kuwarudisha kila asubuhi.

Kura, uhuru na kambi ya mwaka 1961

Desemba 1957, kwa mara ya kwanza, wakaaji wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, yaani Likasi, walipiga kura kuchagua wakubwa wa komini zao. Elisabethville, waliochaguliwa kuongoza komini za Waafrika walikuwa zaidi watu ambao jamaa zao zilitoka nje ya Katanga ya kusini, hasa Kasai. Hilo halikushangaza, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi katika mitaa hiyo. Lakini wengine walilipokea kwa uchungu. Mwaka 1958 chama cha Conakat kilizaliwa, kikidai kwamba Katanga iongozwe na wenyeji wake.

Kuanzia hapo maneno yalibadilika. Jirani wa Kenya au wa Katuba, aliyezaliwa hapo, alianza kuulizwa kijiji cha baba yake.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Mwaka uliofuata Waluba wengi wa Elisabethville, wa Kasai na wa Katanga ya kaskazini, walihofia maisha yao. Tangu mwisho wa Agosti na mwezi wa Septemba 1961 walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Kambi iliyotokea pembeni mwa mji ilijaa makumi ya maelfu ya watu, waliotoka katika nyumba zao za kodi na za mkopo wakabaki chini ya maturubai. Hawakuvuka mpaka wowote. Walikuwa wahami ndani ya mji wao wenyewe, kilometa chache kutoka kwenye mlango walioufunga.

Mapigano yalikata mji vipande vipande. Tarehe 16 Desemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipigania Tunnel, pale barabara inapopita chini ya njanja. Aliyeshika mahali hapo alifunga au alifungua njia ya mji. Wakaaji walijifunza siku zile jambo moja: mji ambao barabara zake ni chache kati ya nyumba na kazi, vizuizi vichache tu vinatosha kuusimamisha.

Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa uliwarudisha watu wa kambi kwa treni na kwa ndege, Kasai na Katanga ya kaskazini. Januari 1963 utengano wa Katanga uliisha. Polepole wengine walirudi Katuba na Kenya. Jason Sendwe, aliyewaongoza Waluba wa Katanga katika chama cha Balubakat, aliuawa mwaka 1964. Leo hospitali kubwa ya mji ina jina lake, na wagonjwa wa makabila yote wanashuka basi kwenda huko bila kuulizana kijiji.

Miaka ya Gécamines

Mwaka 1966 Elisabethville iliitwa Lubumbashi. Tarehe 1 Januari 1967 serkali ilichukua Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Kwa muda, mshahara ulifika mwisho wa mwezi, unga ulitolewa, shule na hospitali za kampuni zilifanya kazi. Hata asiyefanya kazi Gécamines aliishi na makuta ya Gécamines, kwa kuwa mfanyakazi ndiye aliyenunua sokoni Kenya, aliyeshonesha nguo, aliyekunywa katika nganda za Kamalondo.

Kisha mambo yalianza kulegea. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978 vilitisha wenye mali. Hata hivyo mwaka 1986 Gécamines ilitoa bado karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, upande wa Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji uliharibu maduka na magari mjini. Ilipofika mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000.

Kazi ikianguka hivyo, usafiri unaanguka nayo. Basi linahitaji vipuri, mafuta na abiria wenye mshahara. Kwa hiyo ilikuwa zamu ya kile ambacho kila Mkongomani anakijua kwa jina la Kifungu cha 15: jitafutie. Mwenye lori alibeba watu. Mwenye gari dogo aliligeuza taksi. Kinga, iliyokuwa imesahauliwa kidogo, ilirudi barabarani, na wengi walirudia mwendo wa babu zao, kwa miguu kutoka Katuba mpaka Mjini.

Treni ya kurudi

Katika miaka hiyo ya njaa ndipo maneno ya mwaka 1958 yalirudi. Mwaka 1992 na 1993, Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Likasi na Kolwezi ziliumia zaidi. Mamia ya maelfu waliacha nyumba zao. Walingoja treni majuma na miezi kwenye stesheni, na wengi, hasa watoto, walikufa hapo au njiani. Treni zile zilipita kwenye reli ileile iliyofunguliwa mwaka 1928 kuwaleta babu zao kazini.

Lubumbashi haikufikia vurugu ya Likasi, lakini haikuwa salama. Watu walipoteza kazi, waliuza nyumba kwa bei ya kutupa, walihama usiku. Mitaa ambayo njia ya Katuba inaipita ilipoteza mafundi, walimu na wauguzi. Mji haukupata kazi hata moja mpya kwa kuwafukuza. Gécamines iliendelea kuanguka, na mwaka 2003 iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mara moja, bila kuuliza ni wa kabila gani.

Mlango unaofungukia katikati ya barabara

Basi la leo kwenye njia hii ni gari dogo lililotumika kwanza Asia, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Hapo kuna shida ambayo abiria wengi wanaibeba bila kujua asili yake. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto lina usukani kuume na mlango wa abiria kushoto. Kongo inaendesha kuume. Kwa hiyo, kama fundi hakuligeuza, mama mwenye mtoto mgongoni anashuka upande wa katikati ya barabara, mahali magari mengine yanapita. Serkali imejaribu zaidi ya mara moja kuyazuia magari haya. Lakini ni rahisi kuyapata, na bila hayo njia ingebaki tupu.

Shida ya pili ni «demi-terrain», yaani nusu ya safari. Saa za asubuhi na jioni, wakati abiria ni wengi, shofere anakata njia katikati. Abiria anashushwa, anatafuta gari lingine, analipa tena. Anayekaa Kamalondo haumii sana. Anayekaa mwisho wa Katuba, au katika mitaa mipya iliyo mbele yake, analipa mara mbili, wakati mwingine tatu. Mashofere wana maelezo yao: mwenye gari anadai kiasi fulani kila jioni, mafuta yanapanda, askari wa barabarani wanasimamisha gari mara kwa mara. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo mwisho wa hesabu mzigo unaangukia kwa yule anayeishi mbali zaidi.

Wanaoishi mwisho wa njia

Na nani anaishi mbali zaidi? Historia yote hii inatoa jibu moja: yule aliyefika mwisho. Mwaka 1925 alikuwa mtu wa Rwanda au wa Lomami. Mwaka 1955 alikuwa kijana aliyetoka kijijini kutafuta kiwanja Katuba. Katika miaka ya 2000 na baada yake walikuwa familia za Pweto, Mitwaba na Manono, zilizokimbia vita na vikundi vya Mai-Mai katika eneo lililopewa jina la pembetatu ya kifo. Tangu Januari 2025, Goma ilipoanguka na baadaye Bukavu, vita vya mashariki vimesukuma watu wengine tena upande wa kusini.

Mhami wa vita akifika anatafuta kodi ndogo, na kodi ndogo iko mwisho wa njia. Kazi ya kibarua, hospitali na ofisi ya kutafuta karatasi ziko Mjini. Katikati kuna nauli. Familia ambayo haina nauli inakaa nyumbani; mtoto hafiki shuleni, mgonjwa anangoja mpaka ugonjwa ukue. Ukanda mtupu wa miaka ya 1920 umejengwa, lakini kwa mtu asiye na nauli umbali wake bado upo.

Kwa hiyo wakubwa wa mji wakipanga mahali pa kuwapokea watu, jambo la kuangalia mbele ya mengine ni basi. Je, linafika huko? Linafika mpaka mwisho bila kukata njia? Bei yake inajulikana na inabandikwa? Shule na kituo cha afya viko karibu, ili safari ya kila siku isiwe ya lazima? Haya si maswali ya gharama kubwa, na wakaaji wa Katuba wanaweza kuyauliza pamoja na wageni wao, kwa kuwa ni shida yao wote.

Na kwa familia iliyofika juzi, ikisikia neno «mgeni» linatamkwa kwa ukali kwenye kituo cha basi, ijue hivi: karibu kila anayengoja basi pale ana babu aliyeshuka kwenye treni, au aliyekuja kwa miguu, akiwa hajui mtu. Ndiyo maana wanaelewana wote kwa Kiswahili.